Besi Iliyonywewa na Kuta

Mume wangu alifariki Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, hapa Dubai, na kwa kuwa naandika nikiwa mjane wake sina budi kutanguliza kwamba alikuwa mtu mwema. Alisali, alilisha wageni, hakuninyoshea mkono, hakuniletea mke wa pili. Nayasema haya mwanzoni ili asiwepo wa kunikata kauli huko mbele na kuniuliza kama nimeyasahau. Sikuyasahau. Ninachotaka kueleza ni habari ya chombo chake cha muziki, jinsi kilivyokaribia kutoka mikononi mwangu, na jinsi nilivyokizuia.

Tulikiita chombo tu, kana kwamba nyumbani hapakuwa na chombo kingine. Alikinunua Deira, mtaa wa hapa Dubai tulikokuwa tukikaa, mwezi wa Aprili 1994, baada ya kupandishwa cheo pale bandari ya Hamriya alikokuwa karani wa mizigo. Kilikuwa na amplifaya ya kukuza sauti, ya rangi ya fedha, nzito kiasi cha kuhitaji watu wawili kuibeba, mashine ya kuchezea santuri, deki ya kanda, na spika mbili za mbao zilizonifika kiunoni. Vumbi lake nililifuta mimi, kwa kitambaa kikavu, bila kugusa vitufe, maana alikuwa ameviweka anavyovitaka na alidai kwamba kikisogea hata kwa unene wa ukucha angejua. Hatukujaaliwa watoto. Nilimwona mara nyingi akifunika santuri zake kwa upole ambao sikumwona akiutumia kwingine, nikageuza uso nikaendelea na kazi zangu.

Kila Alhamisi baada ya sala ya isha walikuja rafiki zake, watu wa Pwani kama sisi, kusikiliza taarabu ya zamani. Mkubwa wao alikuwa msimamizi wa ghala moja kule Jebel Ali. Alikuwa rafiki wa mume wangu tangu ujana wao Mombasa. Aliniita shemeji, nami nilimwita shemeji. Wanaume walikaa ukumbini katikati ya zile spika mbili, mume wangu kwenye kiti chake, huyo rafiki kuliani kwake. Wake zao walikaa nami ndani. Kahawa ilitoka ndani kwenda nje. Maneno yalitoka nje kuja ndani. Mkondo huo haukuwahi kugeuka.

Mwaka 2009 kodi za Deira zilitushinda, tukahamia mtaa wa International City. Tulihama Ijumaa, tarehe 16 Oktoba. Fleti mpya ilikuwa na ukumbi mrefu, na mwisho wake, karibu na jiko, tulitundika pazia, nyuma yake pakawa mahali pa wanawake. Kwa kuwa kule Deira wake za rafiki zake walikuwa wakinung'unika kwamba wao hupata makombo ya muziki, mume wangu aliamua kuwafanyia hisani: spika ya kulia ibaki mwanzo wa ukumbi, ya kushoto iwekwe huku mwisho, ubavuni mwa pazia.

"Nimewapa wanawake spika yao," alisema. "Sasa mtu asinilaumu."

Waya wa spika ya kushoto haukufika. Alhamisi ya tarehe 22, rafiki zake wakiwa njiani, alileta kipande cha waya kutoka kazini, akakiunga na ule wa awali kwa utepe mweusi, akaulaza wote chini ya zulia. Nilimwambia nimshikie tochi. Akasema mikono yangu ina unga wa bajia na waya haupendi unga. Alifanya kazi ile akiwa amepiga goti gizani, akihema, peke yake.

Usiku ule ule ilionekana kwamba besi imetoweka.

Msomaji aliyelelewa na taarabu anajua nizungumzacho. Fidla zikiwa juu na nyuzi za kanuni zikimwagika katikati, iko ile besi kubwa inayopigwa na mtu aliyesimama, ambayo huisikii kwa masikio bali kwa mbavu. Ndiyo inayoubeba wimbo mgongoni. Wanaume walisikiliza, wakatazamana. Fidla zilikuwapo, mwimbaji alikuwapo, ila alikuwa kama anaimba akiwa hana pa kukanyaga. Mume wangu aliinuka, akakizunguka chombo, akagonga ukuta kwa vifundo vya vidole, akarudi na hukumu.

"Kuta za huku ni za kadibodi," alisema. "Zinakunywa besi."

Kuanzia siku hiyo hadi kufa kwake, kuta zilikuwa zinakunywa besi. Hukumu hiyo haikukatiwa rufani. Kila mgeni mpya alielezwa habari ya kuta kabla ya kupewa kahawa. Mazulia mawili ya ziada yalinunuliwa, moja likatundikwa ukutani kama ngozi ya mnyama. Makochi yalihamishwa, na aliyeyasukuma nilikuwa mimi, yeye akielekeza kutoka kwenye kiti. Halafu ikaamuliwa kwamba kiyoyozi nacho kinafunika besi kidogo iliyosalia, kwa hiyo kizimwe wakati wa kusikiliza. Mtu asiyewahi kukaa Dubai mwezi wa Agosti hataelewa maana ya sentensi hiyo. Nimesimama mbele ya mafuta yanayochemka, kiyoyozi kimezimwa, jasho linanitiririka mpaka kwenye visigino, ili wanaume wanne waitafute sauti ambayo wameshakubaliana kwamba haipo.

Nami nikiwa pale jikoni naisikia.

Naisikia vizuri, nzito, imetulia, ikipita pazia na kunifikia kifuani. Wanawake wenzangu pia waliisikia. Mke wa yule rafiki mkubwa, ambaye nilimwita shoga na tuliyekuwa tukikopeshana chumvi na siri, alikuwa akiifuata kwa kidole juu ya sinia ya kashata. Alhamisi moja ya mwaka 2011 nilitoa kahawa nikawakuta wamezama katika kilio kile kile. Nikasema, kwa heshima zote, "Mbona huku ndani besi ipo?"

Yule rafiki akasema, "Shemeji, hiyo ni friji."

Walicheka mpaka kikombe kimoja kikamwagika. Mume wangu alicheka kuliko wote. "Mwanafunzi wangu huyu," akasema akipangusa macho, "ameanza fizikia juzi, leo anasikia besi kwenye friji."

Nililazimika kuufuta mmwagiko.

Ilikuwa kweli kwamba nilikuwa mwanafunzi. Nilizaliwa mwaka 1962 katika nyumba ambamo wasichana walifunzwa juzuu na kupika, basi. Kusoma na kuandika kwa utaratibu nilikuanza Januari 2004, nikiwa na miaka arobaini na mmoja, katika darasa la jioni la akina mama kule Deira, na mtihani wa kidato cha nne niliufanya Mombasa mwezi wa Novemba 2010, nikiwa mtahiniwa wa kibinafsi, nimeketi nyuma ya watoto ambao ningeweza kuwazaa na wengine ambao ningeweza kuwazalia mama zao. Nilipita. Fizikia sikupata alama ya kujivunia, lakini nilielewa nilichokisoma, na hilo si jambo wanaloweza kulisema wote waliopata alama kubwa. Mume wangu alinilipia karo bila kinyongo. Alichokuwa hawezi ni kuamini kwamba nilichokuwa nikijifunza kilikuwa kinaingia mahali.

Alipofariki, majirani walikunja mazulia na kupanga mikeka kwa ajili ya matanga, na watu wengi wakapita ukumbini mle kwa siku kadhaa. Nikaingia eda ya miezi minne na siku kumi. Chombo hakikuguswa. Eda yangu ilimalizika Jumatano, tarehe 19 Julai. Kesho yake, Alhamisi, mlango uligongwa.

Alikuwa yule rafiki, amekuja na mkewe kama ilivyo adabu. Nilifurahi kuwaona, na nasema hivyo nikijua ni nini kilichofuata. Tulipeana salamu, tukaombeana dua. Mkewe alilia kidogo, nami nikalia kidogo. Kisha rafiki akaweka kikombe chini.

"Shemeji, kuna jambo la marehemu," akasema. "Alinambia pale hospitali kwamba chombo nikichukue mimi."

"Alikwambia kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa umekwenda kumletea uji."

"Uji nilimletea mara nyingi, shemeji. Ni upi huo?"

Akatabasamu kama anayemvumilia mtoto. "Sikufanyii ugomvi. Ndugu zake wa Mombasa wamekuachia vyombo vya nyumba, najua, na ni haki yako. Lakini kile si sufuria. Kinataka mtu anayekijua. Alisema asije akakigusa asiyekijua. Wewe kitakusaidia nini? Kitakaa kife."

Nilimtazama mkewe. Alikuwa anatazama hina ya kucha zake.

Hapa niseme wazi kile nilichokuwa nakipigania. Ndani ya nyumba ile nilikuwa nimeishi miaka mingi na kitu kimoja ambacho sikuruhusiwa kukigusa, nikakitumikia kama mgonjwa, nikakipikia bajia, nikakivumilia joto. Sasa, siku ya kwanza ambayo kilikuwa changu, mtu amekuja kunieleza kwamba sikijui. Kama kingeondoka siku ile, kingeondoka pamoja na hukumu hiyo, nami ningebaki chini yake mpaka nizikwe.

"Tufanye hivi," nikasema. "Rudini Alhamisi ijayo. Ukikikuta kimekufa, kichukue, na nitakusaidia kukifunga. Ukikikuta kinafanya kazi, ni changu, na habari ya uji isirudi tena."

"Khalas," akasema. "Nimekubali." Akaongeza kwa mzaha, "Usije ukakipiga kwa mwiko tu."

Walipoondoka nilikiwasha. Spika ya kulia iliimba. Ya kushoto ilikuwa kimya kabisa.

Nilikaa kitako sakafuni kwa muda, kwa kuwa nilijiona mjinga. Kisha nikaenda kuchukua kile kijitabu cha maelezo kilichokuja na chombo. Kilikuwa bado ndani ya mfuko wake wa nailoni, umefungwa vile vile tangu kiwandani. Mume wangu hakuwahi kukifungua. Nilikisoma na kamusi pembeni, na kilinifundisha mambo matatu tu ya maana: usibahatishe, badilisha kitu kimoja kwa wakati, na zima umeme kwanza.

Nikazima. Nyuma ya amplifaya kila spika ina vishikio viwili, chekundu na cheusi. Nikachomoa nyaya za kushoto na kulia, nikazibadilisha pande. Nikawasha. Spika ya kulia, ambayo sasa ilikuwa inalishwa na upande wa kushoto, iliendelea kuimba. Ya kushoto iliendelea kunyamaza. Kwa hiyo amplifaya ilikuwa nzima pande zote mbili, na ugonjwa ulikuwa ama ndani ya spika ama njiani. Nikarudisha nyaya mahali pake. Asubuhi yake niliiburuta spika ya kushoto juu ya zulia mpaka karibu na amplifaya, nikaiunga kwa waya mfupi niliounyofoa kwenye taa mbovu, chekundu kwa chekundu, cheusi kwa cheusi. Ikaimba. Iliimba vizuri kuliko nilivyowahi kuisikia ukumbini, nikadhani ni kwa sababu nilikuwa nimeiinamia.

Ilibaki njia. Nilikunja zulia nikaufuata waya kwa kidole, kutoka mwanzo wa ukumbi hadi mwisho, na karibu na pazia nikafika kwenye kiungo. Nyayo za waombolezaji zilikuwa zimekiponda. Utepe mweusi ulikuwa umeyeyuka kwa joto la miaka, unanata kama halua. Nilipoubandua, nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika upande mmoja. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya kimya, jambo dogo, la kisu na dakika chache.

Lakini nilikuwa nimeshika kiungo mkononi, na nilikuwa na macho. Waya wa awali ulikuwa na nyuzi mbili, nyekundu na nyeusi. Kipande alichokileta kutoka kazini nacho kilikuwa na nyekundu na nyeusi. Na mume wangu, gizani, bila tochi, alikuwa ameunga nyekundu na nyeusi, nyeusi na nyekundu.

Mazoea ni kitu cha ajabu. Niliirudisha spika mahali pake, nikaisafisha shaba, nikaunga tena kama alivyounga yeye. Sikuthubutu kubadili. Nilijiambia labda alikuwa na sababu.

Mlango wa pili kutoka kwangu anakaa mwanamke Mkenya wa bara, mlinzi katika jengo moja la maofisi, mtu wa kanisa na mwenye moyo mkunjufu. Siku ile alikuwa mapumzikoni. Nilimwomba aje akae kwenye kiti cha mume wangu anipe masikio yake.

"Niseme ukweli, mama?" aliuliza baada ya wimbo mmoja.

"Nimekuita kwa hilo."

"Iko sawa. Lakini ni kama muziki ya simu. Haina mwili."

Kuta, nilitaka kusema, na nikaona aibu kulisema. Badala yake nilichomoa nyaya zote mbili kwenye amplifaya, nikavua vifuniko vya kitambaa vya spika, nikatoa betri ndogo ya saa ya ukutani. Nikagusisha betri kwenye waya wa spika ya kulia, ncha ya kujumlisha kwa nyekundu. Utando wa spika ukaruka kwenda nje. Nikafanya vile vile kwa waya wa kushoto, na jirani akiwa ameisogelea spika.

"Imeingia ndani," akasema.

"Una hakika?"

"Mama, naiona. Ile ingine ilitoka, hii imeingia."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Spika mbili zilizopaswa kusukuma pamoja zilikuwa zinakabana: moja ikisukuma hewa, nyingine inavuta. Sauti nyembamba hazijali sana. Sauti nzito, ambazo mawimbi yake ni marefu, hukutana katikati ya chumba na kuuana. Ukikaa katikati, pale penye heshima, husikii kitu. Ukisimama karibu na spika moja, mfano nyuma ya pazia, mbele ya mafuta yanayochemka, unasikia yote, kwa kuwa ya mbali haina nguvu ya kuiua ya karibu. Mwalimu wetu alikuwa ametuchorea jambo hili ubaoni: mawimbi mawili, moja kilele, moja bonde, na jibu ni mstari ulionyooka. Nilikuwa nimelinakili kwa penseli, nikarudi nyumbani kuwakaangia watu waliokuwa wamekaa juu ya huo mstari.

Nilikata kiungo, nikaunga nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi. Nikaweka wimbo ule ule.

Kwenye ubeti wa pili jirani aliweka kiganja kifuani. "Hapo sasa," akasema taratibu. "Kifua yangu inatetemeka."

Aliponiangalia alidhani nalia kwa furaha, akanikumbatia. Sikumsahihisha. Nilikuwa nalia kwa hasira ya kiyoyozi.

Alhamisi, tarehe 27 Julai, wakaja. Mlango wa nje tuliuacha wazi, nami nilikaa kando. Nilimwambia rafiki wa mume wangu aketi kwenye kiti cha marehemu. Akasita, kisha akaketi. Mkewe alitaka kwenda nyuma ya pazia kwa mazoea, nikamwambia akae pale pale ukumbini. Kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi. Niliteremsha sindano juu ya santuri waliyokuwa wakiipenda kuliko zote.

Besi iliingia na fidla, ikaenea chumbani, ikalijaza zulia lililotundikwa ukutani. Nilimtazama usoni. Nilitarajia mshangao. Nakiri kwamba niliutarajia kwa njaa. Uso wake ulikunjamana kama wa mtu aliyeonjeshwa chai yenye chumvi.

"Umefanya nini hapa?"

"Nimekitengeneza. Spika moja ilikuwa imekufa."

"Sio hivi kilivyokuwa. Hiki kinanguruma. Marehemu hakukiweka hivi." Alinyosha kichwa kuelekea mkewe. "Unasikia? Hiki sicho."

Mkewe aliitazama santuri ikizunguka. Alikuwa ameisikia besi ile kando yangu kwa miaka. "Mimi sijui mambo ya wanaume," akasema.

"Shemeji, umekiharibu," akanigeukia. Hakusema kwa ukali. Alisema kwa huzuni ya kweli, na huzuni yake iliniuma kuliko ukali. "Nilisema kinataka mtu anayekijua."

Nilikuwa na njia mbili. Tumefundishwa tuwataje wafu wetu kwa mema, nami nilikuwa nimeketi mita chache kutoka kwenye msala aliokuwa akisalia. Ningenyamaza, ningekuwa mwanamke aliyekigusa chombo cha mumewe na kukiharibu. Ningesema, ningekuwa mjane anayemvua nguo maiti mbele ya rafiki yake. Nilifikiri kwa muda wa ubeti mmoja. Kisha nikainuka, nikazima, nikapiga goti mwisho wa ukumbi, nikabadilisha nyuzi kama zilivyokuwa, nikawasha tena.

Sauti ikawa nyembamba. Mwimbaji akapoteza pa kukanyaga. Na uso wa yule mtu ukafunguka. Mabega yake yakashuka, akafumba macho, akaegemea.

"Hapo," akasema. "Hiyo ndiyo. Namsikia mwenyewe."

"Njoo uone," nikamwambia.

Nilimwonyesha kiungo. Nikamwonyesha betri, spika moja ikitoka, nyingine ikiingia. Nilimweleza kwa sauti ya chini, kama mtu anavyomweleza mgonjwa, habari ya mawimbi, ya tarehe 22 Oktoba 2009, ya tochi iliyokataliwa. Nilimwambia kwamba kuta hazikunywa kitu. Alisikiliza akiwa amechutama, magoti yakimlia, na nilijua ameelewa kwa kuwa hakuuliza swali hata moja. Alikuwa mtu wa ghala; nyekundu na nyeusi alizijua.

Aliinuka akishikilia ukuta.

"Alipenda hivyo," akasema.

"Hakupenda. Alihangaika nayo mpaka kufa. Ulikuwapo."

"Alipenda hivyo, shemeji." Aliyatamka maneno yale mbele ya uso wangu kama anayefunga kasha. "Na maiti hatajwi ila kwa mema. Kiache kama alivyokiacha, unipe, mimi nitakitunza vile vile. Hakuna haja ya mtu mwingine kujua."

"Ahadi yetu ilikuwa kimekufa au kinafanya kazi."

"Ulikiona kinafanya kazi alipokuwa hai. Hukulalamika."

Hilo nalo nililiacha lipite, maana mkewe alikuwa ameketi pale, anajua ni nani aliyelalamika na alijibiwa nini, na midomo yake ilikuwa imefungwa kama bahasha. Nilimngoja. Nilimpa muda zaidi ya nilioupa fikra yangu mwenyewe. Alivuta mtandio wake vizuri, akasema, "Twende, baba, tusije tukakosa teksi."

"Kinafanya kazi," nikasema. "Ni changu."

Wakaondoka bila chombo. Nilirudisha nyuzi kwenye usahihi wake, na wiki iliyofuata nikanunua waya mmoja mrefu usio na kiungo. Nilikaa kwenye kiti cha katikati nikasikiliza, na sikupata nilichokitazamia. Muziki ulikuwa kamili. Lakini ulikuwa kamili kama nilivyokuwa nikiusikia siku zote nikiwa nimesimama. Tofauti ni kwamba sasa nilikuwa nimeketi. Nilikuwa nimeshinda kitu ambacho masikio yangu yalikuwa nacho tangu zamani.

Alhamisi zilipita. Hakuna aliyekuja, na sikumwalika mtu. Nilisikia kwa njia za pembeni kwamba mjane wa fulani amevuruga chombo cha marehemu, amekifanya kingurume kama cha kumbi za harusi, kwamba kusoma kumemwingia kichwani. Nilisikia pia kwamba wanaume sasa wanakutana kwa yule rafiki, wanasikiliza kwenye redio ndogo, na kwamba huko nako kuta zinakunywa.

Mwaka wake kwa hesabu ya Kiislamu ulitimia Jumamosi, tarehe 2 Machi 2024, siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani. Nilikuwa nimeshanunua mchele na nyama, nikingoja mtu anipigie simu tupange nani atasoma hitima na saa ngapi, maana shughuli ile haifanywi na mwanamke peke yake. Simu haikuja. Baada ya alasiri jirani yangu mlinzi aligonga, amebeba sahani kubwa ya udongo iliyofunikwa karatasi ya fedha.

"Mama, imeachwa hapo chini kwa mlinzi wa jengo," akasema. "Wamesema ni yako. Kuna maombi ya mzee mahali."

Nilifunua. Ilikuwa pilau, na nyama ya mbavu juu yake, imewekwa vizuri. Sahani niliitambua kwa maua yake ya buluu. Tulikuwa tumeinunua pamoja, mimi na shoga yangu, moja yake, moja yangu. Hitima ya mume wangu ilikuwa imesomwa nyumbani kwao, na wanaume wake wa Alhamisi, nami nimetumiwa sehemu yangu kama anavyotumiwa jirani mgonjwa.

Tulikaa mezani, mimi na jirani, tukala. Ilikuwa pilau nzuri. Nilimwombea mume wangu kwa kila tonge, na nilimaanisha. Kisha niliiosha sahani ile kwa maji ya moto, nikaikausha kwa taulo safi.

Kwetu sahani ya mtu hairudishwi tupu. Ukiletewa pilau utarudisha hata kama ni maandazi mawili, hata kama ni sukari ya kujaza kiganja, hata ndimu. Mama yangu, aliyekuwa hana kitu, alikuwa akirudisha majani ya mchaichai. Sijawahi kuvunja desturi hiyo maishani mwangu, si Mombasa, si Deira, si hapa.

Jumapili asubuhi nilivaa buibui, nikachukua teksi mpaka jengo lao, nikapanda ngazi, nikagonga. Alifungua yeye mwenyewe, shoga yangu, na kabla ya salamu macho yake yalishuka kwenye sahani. Nilimkabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu, tupu.